Betri ya Volti 9

Ukisema "pikapu" Meru, watu wanafikiria gari. Wanafikiria ile Hilux inayotoka Maua ikiwa imejaa miraa, inayopita Makutano kama imeibwa, na dereva ambaye ukimwambia apunguze mwendo atakuuliza kama utamlipa majani yakinyauka. Kwa hivyo nilipomwambia mama kwamba naweka pesa za kununua pikapu, alifurahi sana. Kijana aliyetoka chuo mwaka wa tatu, anayeshinda ndani na laptopu, hatimaye anaingia biashara. Ikabidi nimweleze kwamba pikapu zenyewe ni tatu, zinatoshea kiganjani, na zinaingia ndani ya gitaa.

"Gitaa gani?"

"La mjomba."

Akanyamaza. Gitaa la mjomba kwetu halitajwi hivi hivi.

Mjomba ni kaka yake mama, anaishi Embu. Gitaa ni nakala ya Stratocaster iliyotengenezwa Japani. Alilinunua Nairobi, River Road, mwaka wa 1986, enzi ambazo ukitaka kurekodi benga ulipitia huko. Alipiga nalo benga na bendi ya vijana wa kwao kwa miaka mingi, harusi na mabaa, Runyenjes mpaka Chuka. Halafu usiku mmoja, kwenye klabu ya pale Embu mjini, alishika nyuzi kwa mkono wa kushoto, akasogeza mdomo kwenye maikrofoni, na stima ikampitia. Mkono ulikaza kwenye shingo ya gitaa, hauachi. Mpiga besi ndiye aliyeng'oa plagi ukutani. Mjomba alipona, lakini gitaa liliingia kwenye kasha lake na halikutoka tena.

Aliponipa, alinipa na sharti moja: "Piga. Lakini usiimbe nalo."

Sharti hilo lingekuwa rahisi mahali pengine. Huku kwetu pesa ya wikendi iko kwa one-man guitar. Mwenye baa hataki kulipa watu watano wakati mmoja, akiwa na gitaa, kinanda chenye ngoma ndani na koo lake mwenyewe, anaweza kushikilia watu mpaka saa nane usiku. Gitaa bila kuimba ni nusu ya kazi, na nusu ya kazi hailipwi nusu ya pesa. Hailipwi kabisa.

Kazi yangu ya mchana ni kuandika. Ninaandikia wateja wa mbali makala ambayo jina langu halikai juu yake: mbolea, bima, vitanda vya mbwa. Bob mia tano kwa makala. Mwaka jana mteja mmoja akaleta mfululizo wa makala kuhusu vifaa vya gitaa, na kwa wiki sita nikalipwa kusoma mambo ambayo ningeyasoma bure. Huko ndiko nilikoelewa kilichompiga mjomba.

Iko hivi. Pikapu ya kizamani ya koili moja, kama ile iliyokuja na Stratocaster ya kwanza mwaka wa 1954, ni sumaku sita ndogo zilizozungushiwa waya mwembamba kama unywele, karibu mizunguko 8,000. Uzi wa chuma ukitikisika juu ya sumaku, umeme mdogo sana unazaliwa kwenye koili. Umeme huo ndio sauti. Ni sauti yenye makali, yenye kioo ndani yake. Ukisikiliza benga ya zamani, pale gitaa linapopanda na kuanza kukimbizana na ngoma, hicho kioo ndicho unachokisikia.

Tatizo ni kwamba mizunguko 8,000 ya waya ni antena pia. Haichagui. Stima yetu ya 50 Hz, tyubu za mwangaza, transfoma ya amplifaya, vyote vinaingia. Ndiyo maana gitaa la koili moja linavuma, mmm, hata kabla hujaligusa. Na mwili wako nao unabeba uchafu huo. Mafundi wa zamani walipata dawa: chomeka waya kutoka kwenye daraja la gitaa mpaka kwenye athi ya amplifaya. Ukishika nyuzi, wewe mwenyewe unakuwa sehemu ya athi, na kelele inapungua.

Soma sentensi hiyo tena, polepole. Kila mpiga gitaa la namna hiyo anajifunga kwenye athi kwa vidole vyake. Kama nyaya za jengo ziko sawa, hakuna shida. Kama soketi moja ina athi na nyingine haina, au mtu amekata kile kichwa cha tatu cha plagi ili iingie, basi gitaa liko upande mmoja wa stima na maikrofoni upande mwingine, na kati yake kuna midomo yako. Leslie Harvey, mpiga gitaa wa bendi ya Stone the Crows, alifia jukwaani Swansea, Wales, mwezi wa Mei 1972, kwa njia hiyo hiyo: mkono kwenye gitaa, mkono kwenye maikrofoni. Wales, jameni, si kwa jenereta ya Ishiara.

Pikapu za betri zinaingia kwenye stori hapa. Kampuni ya EMG ilianza California mwaka wa 1976, na wazo lake ni rahisi ukiliweka kwa Kiswahili: koili izungushwe kidogo tu, ipige sauti ndogo iliyo safi, kisha amplifaya ndogo iliyofichwa ndani ya pikapu yenyewe iipandishe. Amplifaya hiyo inakula betri ya volti 9. Kwa sababu kila kitu kimefunikwa vizuri ndani, kelele haipati mlango. Na kwa sababu kelele haipati mlango, hauhitaji tena ule waya wa daraja. Kampuni yenyewe inasema uutoe. Nyuzi zinabaki chuma tu, hazijaungwa na kitu.

Nilisoma hapo mara tatu. Wengine wananunua pikapu hizi kwa sababu ya metali, ile miziki ya kupayuka. Mimi nilikuwa natafuta ruhusa ya kuimba.

Lakini kulikuwa na swali la sauti, na hilo si dogo. Ukiwauliza wapiga gitaa, wengi watakuambia pikapu za betri ni baridi, hazina roho. Nami sikutaka kumrudishia mjomba gitaa lililo salama na lisilo lake. Kwa hivyo nikacheki zile zinazolenga koili moja ya kizamani. EMG wana SA, yenye sumaku ya alniko, aina ile ile ya sumaku iliyotumika kwenye Stratocaster za zamani. David Gilmour wa Pink Floyd alipiga na SA kwenye Stratocaster yake nyekundu katika ziara za mwishoni mwa miaka ya 1980 na ile ya 1994, na sijasikia mtu akisema Gilmour hana roho. Fishman nao wana Fluence, ambayo badala ya kuzungusha waya wanapanga tabaka za koili zilizochapwa, na swichi moja inakupa sauti mbili, ya zamani na ya nguvu. Tamu, lakini inakula betri haraka zaidi, na mimi ndiye nitakayenunua betri.

Jibu la sauti nililipata mahali sikutarajia: kwenye mikza. Baa za Meru na Embu hazina amplifaya ya gitaa. Kanisa ni hivyo hivyo. Unapewa kebo ndefu, unachomeka kwenye mikza pamoja na kinanda, basi. Pikapu ya kizamani haiwezi mzigo huo. Umeme wake ni dhaifu. Kebo ndefu inakula makali, mikza inamaliza yaliyobaki, na kile kioo kinageuka blanketi. Pikapu ya betri inasukuma. Kebo ya mita kumi kwake si kitu. Kwa hivyo hoja ya kwamba pikapu ya zamani ndiyo yenye sauti ya zamani ni kweli nyumbani kwa mtu mwenye amplifaya nzuri. Kwenye soketi yetu, mambo ni kinyume.

Nilipata seti ya SA iliyotumika, kutoka kwa jamaa aliyerudi likizo, kwa shilingi 14,000. Hizo ni makala 28. Vitanda vya mbwa vingi sana.

Sikuifunga Meru. Nilipanda matatu mpaka Embu na kasha magotini, kwa sababu gitaa la mtu hulifungui bila yeye kuona. Tulienda kwa fundi wa redio anayemwamini, mtaa wa Dallas. Mjomba alikaa kwenye kiti cha plastiki akitafuna muguka, haongei. Nilijua anachohofia: betri inahitaji nafasi, na kuna watu wangechukua patasi wachimbe mbao. Haikuhitajika. Kwenye uwazi wa vitufe, chini ya lile bamba jeupe, betri iliingia ikiwa imezungushiwa sponji. Fundi alilehemu vitufe vipya, vya kilo-ohmu 25 badala ya 250, maana pikapu hizi hazipatani na vya zamani. Akaweka tundu la jeki linalowasha betri unapochomeka kebo, na kunionya niitoe nikimaliza kupiga, la sivyo betri inakufa usiku kucha kwa ajili ya hewa.

Mwisho akashika ule waya wa daraja. "Huu?"

"Toa," nikasema.

Mjomba alisimama. Alitaka kuuona. Ulikuwa mweusi, mfupi kama kidole, umechakaa. Fundi akaweka mita: ncha moja kwenye nyuzi, nyingine kwenye jeki. Kimya. Akaweka kwenye jeki pekee, ikalia. "Jeki bado ina athi, usiishike ukiimba," akasema. "Na hii haitengenezi nyaya za mtu. Soketi mbovu ni mbovu."

Tulichomeka kwenye mikza ndogo aliyokuwa akiitengeneza. Mjomba alilichukua gitaa kabla yangu. Hakupiga mara moja. Aliinamisha kichwa kuelekea spika, akangoja.

"Mbona limenyamaza?"

"Halivumi tena, mjomba."

"Zamani lilikuwa linanisalimu kwanza."

Kisha akapiga. Vidole vilikuwa vizito kwa dakika moja, halafu vikakumbuka. Sauti ilikuwa nene kidogo kuliko ile ya kwenye kaseti zake, nakubali, katikati imejaa zaidi. Lakini juu, pale gitaa linapopanda, kioo kilikuwepo, na mwenye duka la mbele alitoka nje kuangalia ni nani. Nilishusha pikapu ya karibu na shingo nusu zamu ya skrubu, na unene ukapungua.

Zile pikapu tatu za zamani, fundi alizifunga kwenye gazeti. Mjomba aliziweka mfukoni pamoja na ule waya mweusi. Sikumuuliza anazipeleka wapi.

Tukiwa stendi, nikisubiri matatu ya Meru ijae, alininunulia testa kwa muuza vitu vya barabarani, ile ya bob hamsini yenye taa ndogo kwenye mpini. Akafungua kasha, akaiweka kando ya gitaa.

"Kila mahali," akasema. "Unagusa maikrofoni na hii kwanza. Ikiwaka, unakunja, unaenda nyumbani, hata kama wamekulipa nusu."

"Sawa, mjomba."

"Na uvalishe maikrofoni sponji."

"Sawa."

Akafunga kasha, akalipiga kofi mara mbili kama mtu anayeaga ng'ombe.

"Isipowaka, imba."