Saa za Zamu na Hesabu ya Wagonjwa



Dominika moja baada ya Misa, binti wa parokia yetu aliyemaliza masomo ya uganga alinijia na swali ambalo mafunzo ya katekesi hayakunitayarisha kulijibu. Hospitali moja ilimwita akafanye kazi katika chumba cha wagonjwa wa dharura, ikamwachia achague: alipwe kwa saa za zamu, au kwa idadi ya wagonjwa atakaowahudumia. Njia ya pili iliahidi fedha nyingi zaidi, naye ana wadogo wanne wa kusomesha. «Baba Katekista, njia ipi ni ya haki?» Nikamwomba juma moja la kufikiri.

Swali hilo si letu peke yetu. Huko Marekani, tangu 1992, bima ya serikali kwa ajili ya wazee hupima kazi ya waganga kwa alama: kila tendo lina uzito wake. Hospitali nyingi hutumia alama hizo kupanga malipo. Nyingine hulipa kwa saa. Nyingine huchanganya njia zote mbili. Wanaotetea alama husema kwamba mwenye bidii asilipwe sawa na mvivu, wala wagonjwa wasingojeshwe bure. Neno hilo lina ukweli. Nakumbuka usiku nilipompeleka mama mkwe wangu hospitalini akihema kwa shida. Mganga wa zamu alikuwa amelala, na mwuguzi aliogopa kumwamsha. Saa za mganga zilihesabiwa. Sisi tuliokuwa ukumbini hatukuhesabiwa.

Lakini nina jambo la kuungama. Kabla ya elimu ya msingi kutolewa bure, Septemba 2019, sisi walimu tuliishi kwa michango ya wazazi. Nilipoingia darasani asubuhi, sikuona watoto. Niliona waliolipa na wasiolipa. Nilifurahi madawati yakijaa, wala sikuuliza kama walioketi nyuma wanaelewa. Siku moja nilimrudisha nyumbani mtoto mwenye akili nyingi kwa sababu ya deni la miezi miwili. Hakurudi tena. Tangu hapo naogopa malipo yoyote yanayomgeuza mtu kuwa hesabu, kwa maana nalijua yalivyonigeuza mimi.

Tena, mganga wa dharura haendi kuwatafuta wagonjwa, huwangoja. Usiku mmoja chumba ni kitupu, usiku wa pili gari linapinduka barabarani na majeruhi wanaletwa kumi kwa pamoja. Yule aliyekesha usiku mtupu amefanya kazi, kama mlinzi ambaye mwizi hakumjia. Kidole kilichokatika kidogo hufungwa kwa dakika chache, lakini mzee asiyeweza kueleza maumivu yake hudai saa nzima. Naye mama aliyefiwa na mtoto, ni nani atakayeyapa uzito maneno ya kumfariji?

Hapa kwetu Haut-Katanga, kati ya 2010 na 2012, jambo la namna hii lilijaribiwa katika vituo vya afya. Vituo vingine vilipewa fedha kwa kiasi kilichopangwa, vingine kadiri ya hesabu ya huduma. Wafanyakazi wa vituo hivi vya pili waliongeza bidii, lakini wagonjwa hawakuongezeka. Mkulima hawezi kuvuna zaidi ya mvua iliyonyesha.

Nikafungua Injili. Katika Matayo 20, mwenye shamba hakuhesabu saa wala zabibu. Kila mmoja alipata dinari yake. Mfano huo unatufundisha Ufalme wa Mungu, si orodha ya mishahara. Ndipo nikasoma tena Luka 10. Yule Msamaria alimpa mwenye nyumba ya wageni dinari mbili mkononi, akasema kwamba akitumia zaidi atamrudishia. Alimhakikishia riziki kwanza, kisha akamwamini. Hakumwambia: nitakulipa kwa kila kidonda utakachofunga. Lakini pia aliahidi kurudi, na anayerudi huona kazi iliyofanyika.

Ndilo jibu nililompa yule binti. Saa zilipwe, ili mganga asimwone maskini anayechelewesha kuwa hasara. Tena awepo wa kurudi na kutazama, ili zamu isiwe usingizi. Papa Yohane Paulo wa Pili aliandika mwaka 1981, katika Laborem Exercens, kwamba mshahara wa haki ndicho kipimo cha haki ya mpango wote wa uchumi. Lakini mshahara wa haki haumwamshi aliyelala. Dhamiri ndiyo humwamsha.

Alichagua saa. Wadogo zake wawili bado hawajalipiwa masomo ya mwaka huu, na kila Dominika nikimwona najiuliza kama nilimshauri vema. Kwa hiyo shirika letu limeanza kuwachangia wale watoto. Si haki kumshauri mwenzako abebe msalaba, kisha ukamtazama tu akiubeba.

Kwa mazungumzo ya kikundi:
1. Katika kazi au masomo yako, ni nani unayemwona kuwa hasara kwa sababu anakuchelewesha?
2. Unafanya nini pale ambapo hakuna anayekuhesabia?