Madai ya Walimu Kama Yalivyojadiliwa Wazo

Mwalimu wa shule ya serikali katika kata ya Wazo, kaskazini mwa Manispaa ya Kinondoni, ana wakubwa wengi. Mwajiri wake ni mkurugenzi wa manispaa, ngazi ya mshahara wake hupangwa na Ofisi ya Rais, Utumishi, fedha hutoka Hazina, na akifikishwa kwenye shauri la nidhamu anakutana na Tume ya Utumishi wa Walimu. Viwandani wafanyakazi huwa na mkataba wa hali bora, wenye vipengele na tarehe ya kumalizika, ambao mtu anaweza kuufunua na kuonyesha kwa kidole kifungu kilichovunjwa. Mwalimu hana karatasi ya namna hiyo mkononi. Chama cha Walimu Tanzania (CWT) hupeleka madai, serikali husikiliza, na jibu hutangazwa Mei Mosi uwanjani, mbele ya maandamano ya fulana na kofia. Kwa miaka mingi, mtaa uliobishana juu ya mshahara wa mwalimu ulikuwa ukibishana juu ya hotuba na uvumi.

Wazo ilikuwa mahali pazuri pa kuiona tofauti kati ya mwalimu na mfanyakazi wa kiwandani, kwa kuwa makazi yalikua miguuni mwa kiwanda. Kilima cha mawe ya chokaa ndicho kilicholeta saruji hapo, na uzalishaji ulianza mwaka 1966. Waliokaa jirani na kilima walikuwa watu wa kiwandani, wagonga kokoto na wakulima wa mihogo na mikorosho, na watoto wao wote walikalia madawati ya shule zilezile. Mwalimu alijulikana nyumba kwa nyumba. Alipanga chumba kwa mzazi wa mwanafunzi wake, alikopa sukari duka lilelile, na aliamkiwa shikamoo hata na vijana wenye mshahara mkubwa kuliko wake. Heshima hiyo ilikuwa na gharama: mtu anayeamkiwa hivyo hatarajiwi kulalamika hadharani kwamba hana nauli.

Chama chenyewe cha kupeleka malalamiko kilichelewa. Vyama vya walimu vya miaka ya uhuru vilimezwa na NUTA mwaka 1964, jumuiya moja ya wafanyakazi wote chini ya chama tawala. NUTA ikawa JUWATA mwaka 1978, JUWATA ikawa OTTU mwaka 1991, na walimu walipata chama chao wenyewe, CWT, mwaka 1993. Kabla ya hapo madai ya walimu yalipitia ofisini, na mtaa haukuwa na la kubishana.

Mambo yaliongezeka uzito baada ya mwaka 2002. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) ulifuta ada ya shule ya msingi, madarasa yakafurika, kisha zikaja shule za kata. Serikali ikaajiri vijana waliopewa mafunzo ya muda mfupi, na mtaani wakaitwa vodafasta, jina lililoazimwa kutoka vocha za simu. Jina hilo lilikuwa la dharau na halikuwa la haki, maana wengi wao ndio waliosimama mbele ya darasa ambalo lisingekuwa na mwalimu kabisa. Ajira zilikwenda mbio kuliko malipo. Fedha za uhamisho, za likizo, za matibabu na tofauti za mishahara baada ya kupanda daraja zilirundikana zikaitwa malimbikizo, na malimbikizo ndiyo yaliyoifikisha CWT kwenye tangazo la mgomo wa Oktoba 15, 2008. Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, iliuzuia, na serikali ikaanza kuhakiki madai. Uhakiki ukawa neno la kudumu. Kwa mwalimu aliyehamia Dar es Salaam akitokea mkoani, ulikuwa na maana ya kubeba bahasha ya nakala kutoka shuleni hadi manispaa, kurudishwa kwa sababu ya mhuri mmoja uliokosekana, na kuanza tena.

Mgomo uliotokea kweli ni wa Julai 30, 2012. Rais wa CWT wakati huo alikuwa Gratian Mukoba, na madai yalitajwa kwa asilimia ambazo kila mtu aliweza kuzikariri: nyongeza ya mshahara ya asilimia 100, posho ya asilimia 55 kwa walimu wa sayansi na 50 kwa wa masomo ya sanaa, na asilimia 30 kwa wanaofanya kazi katika mazingira magumu. Watoto walikwenda shule wakacheza, wakarudi mapema. Katika miji kadhaa wanafunzi waliandamana wakidai kufundishwa. Agosti 2 Jaji Sophia Wambura wa Divisheni ya Kazi aliamua kwamba mgomo haukufuata sheria, akaagiza walimu warudi kazini. Mgomo ukaisha kabla ya wiki kumalizika.

Wazo iliupokea mgomo huo ikiwa na hofu ya jirani. Mwezi mmoja tu ulikuwa umepita tangu Dk. Steven Ulimboka, kiongozi wa madaktari waliogoma, atekwe na kupatikana akiwa ameumizwa vibaya katika msitu wa Mabwepande, upande uleule wa Kinondoni, juu ya Bunju. Mtu wa Wazo alihitaji kupanda daladala mara moja tu kufika karibu na msitu huo. Waliozungumzia mgomo kwenye vijiwe vya kahawa vya Tegeta walizungumza huku wakiangalia nani amekaa pembeni, na walimu wenyewe wengi hawakusema neno: walifika shuleni, wakasaini daftari la mahudhurio, wakakaa chini ya mti. Ukiwauliza walisema wapo kazini.

Mabishano yaliyosikika yalikuwa ya wazazi. Kundi moja lilishikilia kwamba ualimu ni wito, kwamba daktari na mwalimu wakishagoma hakuna kilichobaki, na kwamba asilimia 100 ni tusi kwa mkulima ambaye hana mshahara wa kuongezwa. Serikali ilisema jambo linalokaribiana na hilo, kwamba bajeti haiwezi kubeba kiwango hicho. Kundi la pili, ambalo lilikuwa na watu wa kiwandani na wastaafu wa utumishi, lilijibu kwa kanuni za majadiliano: anayedai hutaja mia ili apewe ishirini, na aliyekosea ni anayekataa kukaa mezani. Kulikuwa na hoja ya tatu, na ndiyo iliyokuwa na ukweli mwingi zaidi. Mwalimu wa mjini, ilisema hoja hiyo, tayari analipwa mara mbili, mara ya pili kwa twisheni, na mzazi ndiye anayelipa. Wenye hoja hiyo hawakuwa wakimtetea mwalimu, ila walikuwa wameshaona mahali ambapo pengo la mshahara linajazwa.

Februari 2013 matokeo ya kidato cha nne yalitoka na zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata daraja sifuri. Tume iliundwa na matokeo yakapangwa upya Mei mwaka huo, lakini mtaani mashauri yalikwisha siku ya kwanza: walimu wamegoma kimyakimya. Si rahisi kulipima dai la namna hiyo. Watoto waliofeli walikuwa wamesoma miaka minne, tena wengi katika shule zisizo na maabara wala mwalimu wa hisabati, na mgomo ulikuwa wa siku nne. Hata hivyo tuhuma hiyo ilibaki, na wazazi wenye uwezo walizidi kuelekea shule binafsi za Kiingereza zilizokuwa zikifunguliwa Tegeta, Salasala na Madale. Hapo ndipo mjadala wa Wazo ulipobadilika bila kutangazwa. Barabara ya Mwenge hadi Tegeta ilikuwa ikipanuliwa, viwanja vimepanda bei, nyumba za uzio zimejaa hadi Mivumoni, na mwenye nyumba ya uzio hakuwa na mtoto shule ya serikali. Mshahara wa mwalimu uliacha kuwa habari ya kila baraza.

Machi 2016 mjadala ulirudi kwa njia ya daladala. Paul Makonda, aliyekuwa mkuu wa wilaya ya Kinondoni kabla ya kupandishwa kuwa mkuu wa mkoa mwezi huohuo, alitangaza makubaliano na wenye daladala kwamba walimu wa Dar es Salaam wapande bure wakati wa kwenda na kurudi kazini kwa kuonyesha kitambulisho. Wapo walioshukuru, maana mwalimu anayebadilisha magari mawili asubuhi na mawili jioni anajua nauli inachokula. Wengine hawakukitoa kitambulisho hata mara moja. Konda aliyezoea kuwagombeza wanafunzi wenye nauli pungufu alipata sasa na mwalimu wa kumtazama vibaya, mbele ya wanafunzi walewale. Abiria walicheka, na baadhi ya walimu waliona bora kulipa.

Mwaka huohuo ulianza na elimu bila malipo hadi kidato cha nne, na ukaendelea na uhakiki wa watumishi hewa na wa vyeti. Nyongeza za kila mwaka zilisimama, na kupanda madaraja kukasimama nazo. Mjadala uliingia ndani ya nyumba, ukawa mjadala wa salari slipu. Chukua mwalimu mpya wa shahada wa miaka hiyo, ngazi ya TGTS D, mwenye mshahara wa 716,000. Mfuko wa pensheni asilimia 5, sawa na 35,800. Bima ya afya asilimia 3, ni 21,480. CWT asilimia 2, ni 14,320. Bodi ya Mikopo, baada ya makato kupandishwa hadi asilimia 15 mwanzoni mwa 2017, ni 107,400. Jumla 179,000, robo kamili ya mshahara, na hapo kodi haijaguswa wala mkopo wa benki. Kanuni inataka theluthi moja ya mshahara ibaki, kwa hiyo benki inakopesha hadi mpaka huo, na anayezidiwa anakwenda kwa wakopeshaji wa kausha damu, akiacha kadi ya benki na namba ya siri.

Katika slipu hiyo mstari uliozua maneno mengi kuliko ukubwa wake ni ule wa 14,320. Sheria ya kazi ya 2004 inaruhusu chama chenye wanachama wengi kukata ada ya wakala hata kwa asiyejiunga, na walimu wengi vijana hawakukumbuka kujaza fomu yoyote. Waliuliza chama kimewapa nini zaidi ya fulana ya Mei Mosi. Wazee wa chama walitaja benki ya walimu na mawakili wa kesi za nidhamu. Vyama pinzani vilitokea, CHAKUHAWATA kikiwa ndicho kinachotajwa zaidi. Ugomvi uliokuwa kati ya walimu na serikali ukawa, kwa sehemu kubwa, ugomvi wa walimu na chama chao, jambo ambalo serikali haikuwa na sababu ya kulisikitikia.

Kisha kikaja kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa mafao ya kustaafu. Mwaka 2018 mifuko ya pensheni ya watumishi wa umma iliunganishwa kuwa PSSSF, na kanuni mpya zikashusha mkupuo, yaani sehemu ya mafao inayolipwa mara moja, hadi asilimia 25. Kelele zilikuwa kubwa kiasi kwamba Desemba 28 Rais Magufuli alizisimamisha. Kanuni nyingine zilianza Julai 2022. Mfano ni mwalimu aliyestaafu na mshahara wa 1,000,000 baada ya miaka 30. Kwa kikokotoo cha zamani cha mfuko wa PSPF angepokea mkupuo wa milioni 62 na pensheni ya mwezi ya 333,000 hivi. Kwa kile cha 2022, chenye mkupuo wa asilimia 33, angepata takriban milioni 30.7 na 416,000 kwa mwezi. Mwaka 2024 asilimia ilipandishwa hadi 40 kwa waliokuwa wakipata mkupuo wa nusu zamani, na mkupuo ukawa milioni 37.2. Wachumi wana hoja wanaposema pensheni ya mwezi imeongezeka. Ila Wazo kiinua mgongo hakihesabiwi kwa mwezi. Kinahesabiwa kwa bati, nondo na mifuko ya saruji, na jirani wa mwalimu huyo anajua msingi wa Madale ulimwagwa kwa kutegemea milioni 62.

Hapa hata wenye nyumba za uzio walirudi barazani, kwa kuwa nesi, askari wa halmashauri na ofisa wa wizara wanastaafu kwa kanuni hizohizo. Nyongeza za mishahara hazikuwaunganisha hivyo. Mei 2022 Rais Samia Suluhu Hassan aliridhia nyongeza ya asilimia 23.3 kwa kima cha chini, wengi wakapiga hesabu zao, na Julai mwalimu wa 716,000 akakuta 771,000, yaani asilimia 7.7 tu. Mei 2025, Singida, ilitangazwa asilimia 35.1, kima cha chini kutoka 370,000 hadi 500,000. Safari hii walimu walisubiri slipu kwanza.

Mwaka huo wa 2025 waliosikika zaidi walikuwa walimu wasio na kazi, waliojikusanya chini ya jina la NETO wakidai ajira. Baadhi yao wanajitolea katika shule za serikali, na posho yao hutoka kwa wazazi. Michango ya lazima ilipigwa marufuku, kwa hiyo jambo hilo hupita kwenye mkutano wa wazazi kama hiari, na huhitaji kibali cha ngazi za juu. Mzazi mmoja anasema kodi imeshalipwa na mwalimu ni wa serikali. Mwingine anasema mwanawe wa darasa la saba hana mwalimu wa hisabati tangu Januari, kisha anauliza ni shilingi ngapi kwa mwezi.