Pindo Nililiacha Tanga

Ushonaji niliuanza Tanga kwa kupinda kanga. Kanga huuzwa doti, vipande viwili vikiwa bado vimeshikana, kwa hiyo mteja akitoka dukani huvuka barabara kwenda kwa fundi ili amkatie na kumpindia ncha. Ni kazi ya mwanafunzi, wala haina sifa. Mwalimu wangu, mzee mwenye cherehani mbili za miguu barazani kwake, alinizoesha kuliangalia pindo, ule ukanda wa kuzunguka pembeni, kabla ya mji wa katikati na kabla ya jina lililoandikwa: liwe na upana mmoja kila upande, na mkasi usilile. Kanga iliyoliwa pindo, hata mama asiyejua kutunga uzi kwenye sindano ataiona kutoka mbali, na atairudisha huku anasema maneno. Nikakua nikiamini kuwa kitambaa kisicho na pindo hakijamalizika. Vitenge havina, najua, lakini kitenge ni cha kukatwa. Kanga huvaliwa jinsi ilivyo.

Kentucky nilimfuata mume wangu. Louisville nikapata kazi katika duka la magauni ya harusi, kupunguza viuno na kufupisha mikia, na kazi hiyo sina mengi ya kuisemea. Kwilti nilizikuta kanisani. Si kanisa langu, mimi ni Mwislamu. Ni kanisa la mtaani kwetu, ambako akina mama watu wazima hukutana kila wiki kushona kwilti za kugawia wagonjwa. Cherehani yao moja ilikuwa ikiruka mishono, jirani yangu akaniomba nikaitazame. Manyoya ya pamba yalikuwa yamejaa penye bobini na sindano ilikuwa imewekwa nyuma mbele. Malipo yangu yakawa kahawa na kiti pale mezani, na kiti hicho sijakiacha mpaka leo.

Kwilti, kwa asiyeijua, ina matabaka matatu: juu viraka vilivyoungwa, katikati pamba, chini bitana, halafu mshono unaopenya yote matatu ili pamba isikimbie. Watu wa Kentucky hawana mzaha nazo. Mwaka 1981 ulianza huko mradi wa kuorodhesha kwilti za kale zilizomo majumbani mwa watu, wa kwanza kufanywa kwa jimbo zima nchini Marekani, na mji wa Paducah una makumbusho ya kwilti tangu 1991. Fundi huwezi kumdanganya mteja wa huko; bibi yake alishona.

Wale akina mama walinifundisha na pindo. Ukishaunga miraba yako yote, unaizungushia kipande chembamba cha rangi moja, kisha kipana cha maua, ndipo unapeleka kwenye pamba. Vitabu vya mitindo navyo husema hivyo hivyo. Nilifurahi kama mtu aliyekutana na ndugu ugenini: kumbe na hawa wana pindo! Na pindo lina kazi yake. Linakuza kwilti bila jasho, linashika kingo zinazotaka kutanuka, na linanyoosha miraba iliyokwenda upande. Sharti ni kupima kwilti katikati, ukate pindo kwa kipimo hicho, na ubane kwa pini kabla ya kushona. Wengi hushona tu kitambaa kirefu na kukata kinachobaki, halafu wanashangaa ukingo unapiga mawimbi kama sketi ya marinda.

Baadaye nikaanza kushonea wateja kwilti, na kadiri nilivyozishona ndivyo nilivyoanza kulitilia pindo shaka. Niliona kwilti nyingi ambazo katikati zina moto na pembeni zimelala. Inchi sita za kitambaa cha dukani kila upande, hazisemi neno. Mara nyingi pindo halikuwekwa kwa kuwa mtindo unalitaka. Limewekwa kwa sababu fundi amechoka na kitanda bado kikubwa.

Hesabu yenyewe ni hii. Mteja anataka kwilti ya inchi 84 kwa 96. Ukiwa na miraba ya inchi 12, sita kwa saba, unapata 72 kwa 84, yaani miraba 42. Zungusha pindo la inchi sita, umefika. Bila pindo unahitaji saba kwa nane, miraba 56. Tofauti ni miraba 14, na kama kila mmoja ni nyota yenye vipande zaidi ya ishirini, hapo unazungumzia wiki nzima nyingine ya kukata, kuunga na kupiga pasi.

Aliyenitoa kwenye pindo ni mteja mmoja, mwalimu wa shule, aliyetaka nyota zake zifike mwisho kabisa wa kitambaa. Nikamwambia bei. Akakubali bila kuguna, na hapo sikuwa na pa kukimbilia.

Ugumu wa kwilti ya namna hiyo uko kwenye ukingo. Penye pindo, kosa la mraba wa mwisho linamezwa. Pasipo pindo, mraba wa mwisho ndio mlango wa nyumba. Kwanza ni uzi wa kitambaa. Kitambaa kilichokatwa mshazari hutanuka ukikitazama tu, kwa hiyo mshazari usiwe nje. Ukipanga miraba ikae kwa pembe, kama almasi, pembeni hubaki mapengo ya pembetatu. Kwa mraba wa inchi 12 nakata mraba mkubwa wa inchi 18¼ na kuupasua pembe kwa pembe mara mbili. Napata pembetatu nne ambazo upande mrefu unafuata uzi, na huo ndio unaokaa nje. Za pembe nne za kwilti nakata mraba wa inchi 9⅜ na kuupasua mara moja tu, maana hapo pande fupi ndizo za nje. Ukizibadilisha nafasi, ukingo mzima unakuwa mshazari, na hakuna pasi itakayokuokoa.

Pili ni robo inchi. Kila mraba una robo inchi ya mshono kuzunguka, na ile ya nje kabisa inangoja utepe wa kumalizia. Mimi hukata utepe wa inchi 2½, naukunja katikati kwa urefu na kuushona kwa robo inchi hiyo hiyo. Mwenye mkono mwepesi na kisu cha gurudumu, akiona ukingo haujanyooka, huweka rula na kukata. Ukingo utanyooka kweli, lakini utepe ukija utakula ncha za nyota, na nyota isiyo na ncha ni kiraka tu. Ndiyo maana kabla ya kugusa pamba napitisha mshono mmoja kuzunguka kote, moja ya nane ya inchi kutoka ukingoni, ushike kila kitu mahali pake. Halafu napiga bandi, kisha ndiyo nashona matabaka.

Msichana wa Kikongo ninayefanya naye kazi sasa, mzaliwa wa Bukavu, ana macho makali kuliko yangu. Huinua kona ya kwilti, huitikisa kidogo na kusema, "Mama, huku inacheza." Ikicheza tunafumua. Yeye hajui kanga za Tanga. Kwao ni vitenge, na labda ndiyo sababu pindo halimsumbui.

Nilikwenda Alabama, Gee's Bend, kijiji kilichomo ndani ya kona ya Mto Alabama ambacho kwenye ramani kimeandikwa Boykin. Wanawake wake, vizazi vya watu waliokuwa watumwa kwenye shamba la pamba, walishona kwilti kwa suruali za kazi na magunia ya unga, za kuzuia baridi. Wengine walipoanza kudai haki ya kupiga kura, kivuko chao kilisimamishwa mwaka 1962, kilirudi 2006. Kwilti zao zilitundikwa katika makumbusho ya sanaa ya Houston mwaka 2002, na mwaka uleule kivuko kiliporudi zilitolewa katika stempu za posta. Nilichokifuata mimi ni mtindo wao wanaouita paa la nyumba: kiraka kimoja katikati, kisha ukanda juu ya ukanda kukizunguka, mpaka kitanda kitosheke. Nikasimama mbele ya kwilti moja ya namna hiyo nikitafuta pindo linaanzia wapi. Halianzii popote. Kwilti yote ni pindo tupu, au haina pindo kabisa, na mshonaji hakuona haja ya kuchagua.

Baadaye nikasoma habari za Wasidi wa Karnataka, India, watu ambao mababu zao walivushwa Bahari ya Hindi kutoka Afrika. Wanawake wao huanzia ukingoni. Hukunja kingo za bitana, huweka viraka kutoka nje kuelekea ndani kwa mshono wa mkono unaozunguka, na kwilti huishia katikati. Mwalimu wangu wa barazani angewaelewa watu hao mara moja.

Silitukani pindo. Kwilti ya mtoto iliyochorwa picha katikati inalitaka, na ile ya vipande vichache vikubwa pia. Ninachokataa ni kuliweka kama deni, eti kila kwilti lazima iwe nalo. Akija mteja namuuliza swali moja tu: ukilitoa pindo, kinachobaki kinajitosheleza? Kama jibu ni ndiyo, tunaongeza miraba. Kama ni hapana, tatizo liko kwenye mtindo, na pindo halitalitibu.

Wapo wanaoondoka wakisikia bei, na siwalaumu. Maduka yamejaa zilizoshonwa kiwandani. Ila wewe unayenisoma na kufikiria kuagiza, ujue mapema: isiyo na pindo kwangu ni ghali kuliko yenye pindo, nalipwa nusu kabla sijashika mkasi, na miraba ile 14 ya ziada siishushi bei.