Kura ya Mwisho Kuhesabiwa

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Mtwara mjini. Kila uchaguzi mkuu unapofika, walimu, watumishi wa halmashauri na vijana waliomaliza vyuo huomba kazi ya muda ya kusimamia vituo vya kupigia kura, na mimi nimekuwa mmoja wao. Ninayoyasimulia nimeyaona nikiwa kwenye meza ya kuhesabia, hasa katika uchaguzi wa Jumapili, Oktoba 25, 2015. Katika chaguzi zote nilizosimamia, ule ndio uliobanana kweli.

Asiyekuwapo Mtwara miaka ile ajue kwanza hali ilivyokuwa. Januari 2013 watu waliandamana kupinga gesi kusafirishwa kwa bomba kwenda Dar es Salaam. Mei 22 mwaka huohuo, siku ya bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini, mji uliwaka moto, na wanajeshi wakaletwa. "Gesi haitoki" ilikuwa kauli ya kila kijiwe. Oktoba 2015, siku chache kabla ya kura, bomba likazinduliwa. CUF, Chadema, NCCR-Mageuzi na NLD walikuwa ndani ya Ukawa, umoja wa vyama vya upinzani, wakiikabili CCM. Kwa jirani zetu wa Masasi uchaguzi wa ubunge uliahirishwa, kwani mgombea Emmanuel Makaidi, mwenyekiti wa NLD, alifariki katikati ya mwezi huo. Kwetu mjini, Chikongola, Magomeni na Chuno, nyumba yenye bendera ya chama hiki ilipakana ukuta na nyumba yenye bendera ya chama kile. Mtu alikuwa anakopa chumvi kwa mpinzani wake asubuhi na kuzomeana naye jioni.

Kabla ya kukabidhiwa kituo tuliapa kutunza siri, na tukatia saini tamko kwamba si wanachama wa chama chochote, au kwamba tumejitoa. Siku yenyewe kituo hufunguliwa saa moja asubuhi. Kabla ya mpiga kura wa kwanza kuingia, unawaonyesha mawakala masanduku matupu, unayafunga kwa lakiri, na namba za lakiri wanaziandika. Mpiga kura anapewa karatasi tatu, ya Rais, ya mbunge na ya diwani, anaingia kwenye kituturi, anatoka, anatumbukiza, anachovya kidole kwenye wino. Saa kumi jioni kituo kinafungwa, ila aliyekwisha kuwa kwenye foleni hupiga kura yake. Mwaka ule kituo kimoja kilipangiwa watu wasiozidi 450 hivi. Ni wachache ukiwatazama kwenye foleni. Usiku, karatasi zao zikiwa mezani mara tatu, ni wengi mno.

Kuhesabu huanza na kura za Rais, hufuata za mbunge, za diwani ndizo za mwisho. Utaratibu huo una maana yake, lakini una hatari yake pia. Sanduku la Rais linapofunguliwa, mawakala wote wamesimama, shingo zimenyooka, na nje ya uzio watu wamejaa wakisubiri. Unaikunjua karatasi, unaiinua kila wakala aione, unasoma jina, unaiweka kwenye fungu lake. Hakuna anayesinzia. Likifika sanduku la diwani, ni usiku, joto la Oktoba halijaondoka darasani, taa ya betri inafifia, watu hawajala tangu mchana. Wakala mmoja, kijana, alianza kukusanya vitu vyake.

"Mwalimu, ya Rais nimesaini, ya mbunge nimesaini. Ya diwani si mtamalizia wenyewe?"

"Hapana, mdogo wangu," nikamwambia. "Ukiondoka sasa, kesho utaniita mwizi, na mimi sitakuwa na shahidi. Kaa."

Akakaa, akiguna. Chama kilichomtuma kilikuwa kimempa nauli ya kurudi tu, wala hakikumkumbuka kwa chakula. Karani wetu akamgawia muhogo wake.

Heri alikaa, maana kura za diwani kituoni kwetu zilikaribiana mno. Mafungu mawili yalilingana kwa macho, na palipokuja karatasi zenye utata, kila moja ikawa kesi. Moja ilikuwa na alama ya vema iliyovuka mstari na kugusa nafasi ya mgombea wa pili. Nyingine ilipigwa dole gumba badala ya vema. Nyingine mpiga kura aliwachagua wote wawili, labda kwa kuogopa kugombana na jirani. Swali tulilofundishwa kujiuliza ni je, nia ya mpiga kura inaonekana bila shaka? Ikionekana, kura ni halali, isipoonekana, imeharibika. Kulisema swali hilo ni rahisi. Kulijibu mbele ya watu wawili wanaotaka majibu yanayopingana kunahitaji uso mkavu. Mimi nilikuwa na kanuni moja: ninachomkubalia wa kushoto, nitamkubalia na wa kulia kwa kipimo kilekile. Karatasi ya vema iliyovuka mstari ilipokubaliwa kwa upande mmoja, dakika chache baadaye ikatokea ya namna hiyohiyo kwa upande wa pili. Mawakala wakatazamana, na kelele ikaisha.

Tulirudia kuhesabu, kwa kuwa wakala ana haki ya kuomba hivyo. Kisha tukajaza fomu namba 21: A ya Rais, B ya mbunge, C ya diwani. Mawakala wakasaini, wakapewa nakala, na nakala nyingine tukaibandika ukutani. Ile ya ukutani ndiyo ninayoithamini kuliko zote. Ikishabandikwa, hesabu ya kituo imetoka mikononi mwangu na imekuwa mali ya mtaa. Mama muuza vitumbua akipita alfajiri anaweza kuisoma, akaandika namba, akazilinganisha na zitakazotangazwa kwenye kata.

Hapo ndipo nifikie jambo lililonifanya niandike. Uchaguzi ule ulipokwisha, Mtwara Mjini ilimpeleka bungeni Maftaha Nachuma wa CUF, akimwangusha Hasnain Murji wa CCM aliyekuwa mbunge. Lakini meya wa Manispaa ya Mtwara Mikindani, Geofrey Mwanichisye, alitoka CCM. Wapiga kura walewale, siku ileile, mbunge wa chama hiki na meya wa chama kile. Wengi waliniuliza mitaani imekuwaje. Jibu lilikuwa kwenye sanduku la tatu.

Kwetu mwananchi hampigii kura meya. Meya huchaguliwa na baraza la madiwani, na viti maalum vya madiwani hugawanywa kufuata wingi wa kata ambazo kila chama kimeshinda. Kwa hiyo kata iliyopotea kwa kura chache inahesabika mara mbili: mara ya kwanza kwa diwani wake, mara ya pili kwa kiti maalum ambacho huenda kikaenda upande mwingine. Kanada mambo ni tofauti. Naheed Nenshi, ambaye wazazi wake walihamia huko kutoka Arusha, alichaguliwa meya wa Calgary mwaka 2010 kwa kura za wakazi wenyewe. Hapa karatasi pekee inayomgusa meya ni ile ya diwani, ambayo watu huitia alama kwa haraka wakiwaza mambo ya Ikulu. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Miji mingine ililijua hilo kwa uchungu. Dar es Salaam uchaguzi wa meya wa jiji uliahirishwa tena na tena kwa ugomvi wa nani ana haki ya kupiga kura, hadi Machi 22, 2016, Isaya Mwita wa Chadema aliposhinda kwa kura 84 dhidi ya 67. Tanga, CUF iliingia barazani na madiwani wengi kuliko CCM, lakini aliyetangazwa meya alikuwa wa CCM, na mvutano ukachukua miezi.

Wapo waliosema tatizo ni wasimamizi wa uchaguzi, ambao wakati huo walikuwa wakurugenzi wa halmashauri walioteuliwa na Rais. Mei 2019 Mahakama Kuu, katika shauri la mwanaharakati Bob Chacha Wangwe, iliona utaratibu huo unakwenda kinyume na Katiba. Oktoba mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikatengua uamuzi huo. Hoja hiyo ni nzito na haijazikwa. Ila niliyoyaona kituoni yananifundisha kwamba hata msimamizi awe malaika, bila wakala wa kila upande hesabu yake haina shahidi.

Tangu 2015 sijaona tena usiku kama ule. Mwaka 2019 vyama vikuu vya upinzani vilijitoa kwenye uchaguzi wa serikali za mitaa. 2020 ubunge wa Mtwara Mjini ulirudi CCM. Uchaguzi wa Oktoba 29, 2025 Chadema haikuwamo. Kuhesabu fungu moja kubwa ni kazi nyepesi, hakuna anayebishana nawe, na ndiyo maana simtakii mwalimu yeyote kijana aanze nayo akidhani ndiyo kazi yenyewe.

Basi kwa vyama vyote: mlisheni wakala wenu, mpeni maji na taa, na mmwambie asiinuke mpaka fomu ya diwani isainiwe. Na wewe mpiga kura, karatasi ya tatu ndiyo inayoamua soko lako, taka za mtaa wako na meya wako. Itie alama kwa makini, kisha asubuhi upite kituoni ukasome ukutani.