Goti Limepona, Mchezaji Bado

Zamani mwanamichezo majeruhi alipewa tiba mbili: barafu na neno "jikaze". Tulikulia katika sifa za John Stephen Akhwari, Mtanzania aliyeanguka kwenye marathoni ya Mexico City mwaka 1968, akaumia goti, lakini akaingia uwanjani akichechemea, bandeji mguuni, zaidi ya saa nzima baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda. Heshima ile aliistahili. Taabu ni kwamba tuliigeuza kipimo cha kila aliyeumia. Akhwari alipambana na maumivu ya siku moja. Aliyekatika kano ya goti huuguza miezi tisa au zaidi, na mtihani mgumu humjia mwishoni, daktari akishamwambia mguu uko sawa. Mtazame beki aliyerudi karibuni: mpira wa kugombea ukija hupunguza hatua kidogo, na akiruka hutua kwa mguu mzima tu.

Aliyekuwa hivyo aliitwa mwoga, au anadeka. Derrick Rose, mcheza kikapu wa Chicago Bulls wakati huo, aliyeumia kano hiyo Aprili 2012, alisemwa sana msimu uliofuata kwa kutocheza ilhali ilielezwa kuwa madaktari wamemruhusu. Lakini takwimu za kupinga kauli hizo zilikuwepo tayari. Mwaka 2011 mtafiti Clare Ardern na wenzake walichambua tafiti zenye watu 5,770 waliopasuliwa kano hiyo: takriban asilimia 90 walikuwa na goti zima au karibu zima, ila waliorudi kwenye mashindano ni asilimia 44. Wapo walioacha kwa sababu za kazi na familia, kweli. Lakini sababu iliyotajwa zaidi ilikuwa hofu ya kuumia tena. Mwaka 2019 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki nayo ikatoa tamko kuhusu afya ya akili ya wanamichezo.

Watasema hofu ni mlinzi, asiyeogopa ataumia tena. Sawa, na ndiyo maana isikilizwe badala ya kukemewa: mara nyingine goti kweli halijawa tayari. Watasema pia klabu zetu nyingi hazina hata fizio, sembuse mwanasaikolojia. Hilo ni zito zaidi. Lakini dodoso la mtafiti Kate Webster na wenzake la mwaka 2008, la kupima utayari wa kiakili wa kurudi mchezoni, lina maswali 12 tu, na karatasi haigharimu usajili. Ila kocha asiwe ndiye wa kuuliza. Hakuna mchezaji atakayemwambia mpanga kikosi kwamba anaogopa.