Deki Kuukuu ya Kaseti

Kitu kilichotumika kina siri mbili: siri ya aliyekitumia na siri ya anayekiuza. Mnunuzi mwenye fedha chache hana budi kuzitafuta zote mbili kabla hajafungua mkoba, maana fedha chache zikipotea hazina nyingine za kuzifidia.

Mimi nilirithi kaseti kumi na moja za marehemu bibi yangu. Nyingi zilikuwa za taarabu, na hizo huweza kupatikana penginepo. Walakini moja ilihifadhi sauti yake mwenyewe akimwongoa mtoto. Haikuwa na nakala popote. Kwa hiyo nilipotafuta deki sikujiuliza ni ipi itakayopendeza sebuleni, bali ni ipi ambayo haitautafuna utepe ule.

Kaseti za namna hii zilitolewa na kampuni ya Philips mwaka 1963. Utepe wake una upana wa milimita 3.81 tu, nao hupita mbele ya kichwa cha deki kwa mwendo wa sentimita 4.76 kila sekunde. Huvutwa na kijiti cha chuma kinachozunguka, huku gurudumu dogo la mpira likiubana juu yake. Katika deki nyingi kijiti hicho huzungushwa na mota kwa mkanda mwembamba wa mpira. Mkanda ukilegea, sauti huyumba. Gurudumu likikakamaa, utepe huweza kuzongwa na kukatika.

Kwa fundi mmoja wa redio mjini Mombasa niliwekewa deki mbili mezani. Ya kwanza ilikuwa kubwa, yenye taa nyingi, kwa shilingi 9,000. Ya pili ilikuwa ndogo, imechubuka, kwa shilingi 4,000. Nilitoa kaseti ya wimbo niujuao vema, ambayo kupotea kwake kusingenihuzunisha, nikaijaribu katika zote mbili: mwanzo, kati na mwisho wa utepe. Katika ile kubwa fidla ilitetemeka kama mgonjwa wa homa, na upande mmoja ulikuwa bubu. Nilipochungulia ndani, niliona kichwa chake kimechimbwa mfuo na utepe. Ile ndogo iliimba sawasawa, ila ilirudisha utepe nyuma kwa uvivu.

"Mwanangu, mbona waiacha kubwa?" fundi aliniuliza.

"Mkanda wa mpira utaubadili, mzee wangu," nilimjibu, "lakini kichwa kilicholika tutakipata wapi?"

Akacheka, akaitia ile ndogo mkanda mpya.

Nawe msomaji, ukifikwa na haja kama hii, pambanua kasoro inayotengenezeka na ile isiyotengenezeka; ya kwanza hupunguza bei, ya pili huvunja biashara. Ukisha nunua, futa kichwa kwa pamba yenye spiriti. Vunja vijino viwili vilivyo mgongoni mwa kaseti, ili sauti mpya isirekodiwe juu ya ile ya zamani. Anza na kaseti duni. Ile ya thamani iwe ya mwisho, na siku utakapoicheza uwe tayari kuinakili katika kompyuta.

Sauti ya bibi yangu sasa ina nakala tatu. Taa za deki hupendeza macho dukani, lakini utepe mkongwe huhitaji chombo kitakachoupokea kwa upole na kuurudisha mzima.