Njia ya Nyuma ya Migomba

Kwetu, juu kidogo ya Katumba kwenye barabara ya kwenda Mwakaleli, palikuwa na njia mbili za kushukia mtoni. Moja ilipita mbele ya nyumba ya babu, pana, inayofagiliwa kila asubuhi. Ya pili ilizunguka nyuma, katikati ya migomba, na kwa mvua za Rungwe ilikuwa tope karibu mwaka mzima. Mama alipita ya nyuma. Akiwa na ndoo kichwani, akiwa na mimba, akiwa na mtoto mgongoni, alipita ya nyuma. Wageni waliotoka mbali walidhani ana ugomvi na mkwewe. Ugomvi haukuwapo. Alikuwa akimheshimu.

Wanyakyusa huiita heshima hiyo ingamwana. Mke wa mwana hamtazami baba mkwe usoni, hazungumzi naye, hali mbele yake wala haingii alimo. Wakikutana njiani ghafla, mwanamke ndiye anayeacha njia, anachuchumaa na kugeukia pembeni mpaka mzee apite. Na heshima hiyo haiishii kwa mzee mmoja. Ndugu zake nao wamo. Jina la baba mkwe halitajwi. Bibi yangu mzaa baba alikuwa mkali zaidi katika hili: jina la mkwewe lilikaribiana na neno la chombo kimoja cha jikoni, basi yeye akakiita chombo hicho kwa neno jingine mpaka anaingia kaburini. Sisi wajukuu tulijifunza neno lake kabla ya lile la watu wote, na watoto wenzetu wakatucheka.

Waliokuja kutuandika waliliona jambo hili mapema. Godfrey na Monica Wilson walifanya utafiti Unyakyusa kati ya mwaka 1934 na 1938, na katika kitabu Good Company, kilichotoka mwaka 1951, Monica alieleza habari za vijiji vyetu vya marika. Mvulana akifika miaka kama kumi aliacha kulala kwa baba yake. Alijenga vibanda na wenzake pembeni ya kijiji, wakakua hapo, na baadaye wakaoa na kukaa hapo. Ng'ombe wa baba aliendelea kuwachunga na chakula cha mama aliendelea kukila, lakini usiku kila rika lilikuwa na kwake. Kwa mpangilio huo ingamwana haikuwa mzigo mkubwa. Baba mkwe alikuwa kijiji kingine. Mkamwana angeweza kumaliza siku nyingi bila kulazimika kukimbilia migombani.

Kilichoviondoa vijiji hivyo hakikuwa mahubiri peke yake. Nalisema hili kwa sababu kanisani kwetu wapo wanaopenda kuipa Injili sifa ya kila badiliko, hata lile lililoletwa na kahawa. Kahawa, na baadaye chai, ni mazao yanayokaa ardhini miaka na miaka. Aliyeyapanda hahami, na mwanawe hataki kuyaacha. Watu wakaongezeka, ardhi ikabana. Kijana akioa, baba anamkatia kipande nyuma ya nyumba yake, hapo hapo. Babu alimkatia baba. Ndiyo maana nasema njia ya mama ya migombani haikuwa ya kale kama alivyofikiri yeye. Heshima ya zamani, iliyozoea kuwa na kijiji kizima kati ya mkwe na mkamwana, ilikuwa imebanwa ndani ya ekari mbili.

Kanisa nalo lilipita kando ya jambo hili kwa muda mrefu bila kuligusa. Wamoravian walifika chini ya Mlima Rungwe mwaka 1891, na Misheni ya Berlin ikaanza kazi Unyakyusa mwaka huo huo. Walikemea mitala, walikemea pombe, walikemea waganga. Lakini kwenye ibada wanaume walikaa upande wao na wanawake upande wao, na mabenchi hayo yakaihifadhi ingamwana vizuri kuliko mila yenyewe ingeweza. Mama angeweza kusali nyumba moja na babu kila Jumapili na asikutane naye. Isipokuwa alfajiri ya Pasaka. Wamoravian wana desturi, iliyoanzia Herrnhut huko Ujerumani mwaka 1732, ya kungoja jua la ufufuo makaburini. Makaburini hakuna mabenchi. Watu husimama gizani walipofika, na mama alijifunika kanga mpaka machoni, akatafuta mti wa kujibanza nyuma yake.

Kisha babu akapata kiharusi.

Ilikuwa miaka ya 1980 inaelekea mwisho. Bibi alikwisha kufariki. Baba alikuwa dereva wa lori la ndizi, leo Makambako, kesho Dar es Salaam. Baba zangu wengine mmoja alikuwa Mbeya na mwingine mgodini. Shangazi, aliyeolewa Kyela, alipanda akamuuguza, lakini mpunga wa Kyela ukiiva haumngoji mtu, na watoto wake walikuwa wadogo. Babu aliporudishwa kutoka hospitali, mtu mzima pekee aliyekuwa kiwanjani mchana na usiku alikuwa yule asiyeruhusiwa kuingia chumbani kwake.

Kwa hiyo mimi nikawa daraja. Mama alipika uji, akauweka kizingitini, akarudi nyuma ya ukuta. Mimi nikaubeba ndani. Nilikuwa mtoto. Kumlisha niliweza, ingawa nusu ilimwagikia kifuani. Kumgeuza sikuweza, wala kumwosha. Aliletwa binamu wa kiume aje kusaidia, kijana mwenye usingizi wa ajabu, na baada ya muda mfupi chumba cha babu kikawa na harufu ambayo kila mtu uani aliisikia na hakuna aliyeitaja. Alianza kupata vidonda mgongoni.

Shangazi aliporudi na kuona vile vidonda alilia kwanza, kisha akaita kikao. Walikuja wadogo zake babu, jirani wawili, na mzee wa kanisa wa mtaa wetu na Biblia yake ya Kiswahili ya mwaka 1952, karatasi zimelegea. Mama hakuweza kukaa nao, kwa kuwa wadogo zake babu nao ni wakwe zake. Alikaa jikoni, upande wa pili wa ukuta wa mbao, na mimi niliketi mlangoni, nawaona wote.

Mzee wa kanisa alianza na Marko sura ya kwanza. Akasimulia jinsi Petro alivyoishi nyumba moja na mama mkwe wake, mama huyo akaugua homa, na Yesu akamshika mkono akamwinua. Alitaka kuonyesha kwamba mbele ya ugonjwa mikono haiogopi ukwe.

Shangazi alimsikiliza mpaka mwisho. "Mzee, huyo ni mama mkwe. Sisi tuna baba mkwe."

Mzee akafunua Kutoka 18, Musa anatoka kumlaki Yethro baba mkwe wake, anainama, anambusu, wanaingia hemani pamoja.

"Hao ni wanaume wawili," akasema shangazi.

Mzee akajaribu Ruthu. Shangazi hakuhitaji hata kujibu. Mdogo wake babu alimkumbusha kwamba Naomi pia ni mwanamke. Nimeona watu wengi wakibishana kwa Maandiko tangu siku hiyo, wakiwemo waliosomea chuoni, na mpaka leo sijaona mtu aliyeizuia mistari kwa adabu namna ile. Shangazi hakuwa mpinzani wa Biblia. Alikuwa anakataa kudanganywa kwa mstari usiohusika. Na alikuwa na haki: hakuna mahali katika Biblia panapomwonyesha mke wa mwana akimwosha baba mkwe mgonjwa.

Ndipo sauti ya mama ikatoka nyuma ya ukuta. Aliomba ruhusa kwanza, akaita, "Mzee wa kanisa, naomba kuuliza." Wanawake wa kanisani walikuwa wanasoma Marko miezi ile, na yeye alikuwa amefika sura ya 7. Akauliza habari za Korbani. Je, si kweli kwamba Yesu aliwakemea watu waliomwambia baba au mama kuwa msaada wangu kwako nimekwisha kumtolea Mungu, basi siwezi kukupa? Mzee akakubali kwamba ndivyo. Mama akasema kwamba yeye amemkimbia baba kwa heshima tangu siku aliyoolewa, na hajuti. Ila sasa baba anaoza mgongo, na anachompa badala ya maji ya moto ni heshima. Akauliza kama hiyo nayo si Korbani.

Sijui alilitoa wapi. Mama aliishia darasa la nne. Wale wanaume walitazama chini, mmoja akaanza kusema jambo juu ya wazee wa zamani na akaliacha njiani. Shangazi ndiye aliyefunga kikao. "Wifi," akasema kuelekea ukutani, "kama ni hivyo, shika beseni."

Ningependa kusimulia kwamba yaliyofuata yalikuwa mazuri. Siku ya kwanza mama aliingia na kanga usoni, akipapasa kama kipofu, na babu, ambaye nusu ya mwili wake ilikuwa imekufa, alitumia ile nusu nyingine kugeukia ukutani. Sasa yeye ndiye aliyekuwa anakimbia. Alifunga kinywa, hakula. Alilia kwa aibu, machozi ya jicho moja. Hakuna aliyekuwa amemuuliza yeye maoni yake katika kikao, na hilo naliona leo kuwa kosa letu kubwa kuliko yote. Tulijadili mwili wake chumba cha pili kana kwamba alikwisha kutoka humo. Mama aliendelea kumwosha, akianza na miguu, akimsimulia habari za ng'ombe na bei ya chai bila kungoja jibu. Kanga ilishuka kidogo kidogo, kwa kuwa huwezi kusafisha kidonda usichokiona. Neno la kwanza ambalo babu alimwambia mkamwana wake, kwa ulimi mzito, lilikuwa kwamba uji hauna chumvi.

Lipo pia lililotokea kanisani. Mama alikuwa mwimbaji, sauti ya kwanza, na mwaka ule kwaya ilikuwa inajiandaa kwenda kuimba mbali. Hakwenda. Waliompelekea ujumbe walimkumbusha kwamba Mungu hutangulizwa kabla ya ndugu. Aliwarudisha kwenye sura ile ile ya 7, na nadhani safari hii hakuwa mpole sana, maana wengine walimnunia mpaka Krismasi. Kumhubiria mtu kuhusu mila yake ni rahisi. Kumwambia mwanakwaya kwamba hata mazoezi ya nyimbo za sifa yanaweza kuwa njia ya kukwepa beseni la babu, hilo watu hawalipendi, na mimi mwenyewe nimelisikia likisemwa mimbarani mara chache mno.

Babu alipozikwa, habari ya mama ilikwisha kuzunguka vijiji. Wakamwana wengine wakaanza kuuguza wakwe zao. Baadaye akaja mhubiri kijana aliyeifanya mfano, akasema ingamwana yote ni upagani na ifutwe. Mama alikasirika. Alikuwa hajafuta kitu; alikuwa amemwosha mgonjwa. Mpaka leo jina la babu halijatoka kinywani mwake, na ukimwuliza anakwambia kwamba kumtaja hakukuhitajika ili kumponya.

Nilichelewa kuelewa hasira ile. Nimeielewa zaidi nikimtazama mke wa kaka yangu. Yeye amekulia Mbeya mjini, akaolewa kwetu bila kujua lolote la kuchuchumaa njiani. Baba sasa ni mzee, amestaafu malori, ana miparachichi yake palipokuwa kahawa. Yeye na mkamwana wake wanakula meza moja, wanatazama taarifa ya habari pamoja, wanabishana juu ya bei ya wanunuzi. Babu asingeamini macho yake. Lakini babu pia hakuweza kumtuma mama kitu chochote. Hakuweza kumwita, kumfokea, kumwuliza alikuwa wapi, wala kumkosoa mbele ya mumewe. Ingamwana ilimpitisha mama topeni, na ikamkinga vilevile. Wifi yangu hana tope hilo wala kinga hiyo. Tangu asubuhi ni chai, miwani, simu iko wapi, dawa za presha, chai tena.

Naye ni msomaji. Jioni moja, mimi nikiwapo, alimfungulia baba Waefeso 6, pale akina baba wanapokatazwa kuwachokoza watoto wao mpaka wakasirike. Baba, ambaye hushiriki Neno la siku kila asubuhi na hakosi mstari, alimwambia hapo panazungumzwa watoto.

"Na mimi mnaniitaje, baba? Si mwanenu?"

"Mwanangu," baba akakubali, akavaa miwani, akapanda mistari mitatu juu hadi pale watoto wanapoamriwa kuwatii wazazi.

Waliendelea hivyo mpaka taarifa ya habari ikapita bila mtu kuitazama. Mama alikuwa anamenya ndizi na hakuchangia. Siku ya soko alishuka Tandale, pale Tukuyu, akarudi na chupa ya chai kubwa, akaijaza na kuiweka kando ya kiti cha baba, pamoja na kikombe. Sasa baba anajimiminia. Analalamika tu kwamba chai ya kwenye chupa haina tangawizi ya kutosha, na wifi yangu anasema hilo la tangawizi bado analitafutia mstari.